Mfuko wa maji ya moto alioniletea shoga yangu: maoni yangu baada ya kuutumia kipindi chote cha kumuuguza mama

Kama una mwenzio anayeuguza mtu nyumbani, au amefiwa, au ndoa imemvunjikia, au kila mwezi tumbo linamkata mpaka anajikunja kitandani, na hujui umpelekee nini, mpelekee mfuko wa maji ya moto. Nauzungumzia ule wa mpira, wa lita 2, wenye mdomo mpana, kizibo cha kuzungusha na kava la sufu la kufumwa. Nilipokuwa namuuguza mama nilipewa vitu vingi na watu wenye mapenzi ya kweli, na katika vyote huu ndio niliokuwa naushika kila usiku. Nimeshawaeleza wengi kwa mdomo. Leo naandika kwa kirefu kwa sababu naona watu wananunua usiofaa, au wananunua unaofaa halafu wanautumia kwa namna inayoweza kuwaunguza.

Mama aliugua muda mrefu, na mimi ndiye niliyelala chumbani kwake. Aliyewahi kuuguza anajua mwili unavyokuwa. Shingo inakakamaa kwa kulala kwenye kiti, kiuno kinauma kwa kumwinua na kumgeuza mgonjwa, miguu inakuwa ya baridi hata kama chumba kina joto, na usingizi unakuja saa ambayo huruhusiwi kulala. Watu waliokuja walikuwa wanauliza mgonjwa anaendeleaje, na ndivyo inavyopaswa. Shoga yangu naye alimjulia mama hali, akakaa naye akamshika mkono, kisha akanifuata jikoni. Akaniangalia nilivyoegemea ukuta, akaniuliza, "Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Sijakuuliza kama unaumwa. Nimekuuliza wapi."

Kesho yake jioni akaja na mfuko huu. Hakunikabidhi akaondoka. Aliusuuza, akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akaujaza, akaufunga, akaupindua juu ya sinki kuona kama unavuja, akauvika kava lake, kisha akanifuata nilipokuwa nimekaa karibu na kitanda cha mama. Nikaanza kumweleza habari za daktari. "Usinieleze kitu sasa hivi," akasema. "Sogeza miguu."

Miguu kwanza, si kiuno, ingawa kiuno ndicho nilichokuwa nakilalamikia. Alikuwa sahihi kuliko nilivyojua wakati ule. Mwaka 1999 watafiti wa Basel, Uswisi, walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba katika mambo waliyoyapima, kilichotabiri vizuri zaidi kama mtu atashikwa na usingizi haraka ni namna mishipa ya damu ya mikono na miguu ilivyotanuka na kutoa joto. Mwili unapojiandaa kulala hupunguza joto lake la ndani, na joto hilo hutoka nje zaidi kupitia viganja na nyayo. Nyayo zikiwa baridi maana yake mishipa imejibana, na joto halina pa kupita. Ukizipasha, mishipa inafunguka. Kwa mtu aliyechoka hadi hawezi kulala, na hali hiyo ipo kweli, nyayo zenye joto zinasaidia kuliko kugeuka-geuka kitandani huku unajilazimisha.

Sasa kifaa chenyewe. Wangu ni wa mpira asilia, upande mmoja laini, upande wa pili una mistari iliyoinuka. Mistari hiyo ina kazi: inaacha nafasi ya hewa kati ya mpira na wewe, kwa hiyo joto linakufikia polepole. Maji yakiwa ndiyo kwanza yametiwa, geuzia mistari upande wako. Yakishapungua ukali, geuza upande laini. Mdomo umetanuka juu na kubana shingoni, na unamwagia maji bila kurukiwa mkononi. Kizibo kina kijipete cha mpira chini yake. Hicho kijipete ndicho kinachozuia maji, kwa hiyo kikague kila mara: kikiwa kimepasuka au kimelegea, usiujaze mfuko.

Kifaa hiki kina historia inayosaidia kuelewa kwa nini kinachakaa. Zamani watu walijipasha kitandani kwa vyombo vya shaba na vya udongo, vigumu na vizito. Mpira mbichi haukufaa kwa maji ya moto maana unalainika na kunata. Charles Goodyear alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, Marekani mwaka 1844 ya kuupika mpira pamoja na salfa ili uvumilie joto na kurudi kwenye umbo lake. Mwaka 1903 Slavoljub Eduard Penkala, mvumbuzi aliyefanya kazi zake Zagreb, akapata hataza ya mfuko wa mpira wa maji ya moto. Hata hivyo mpira uliopikwa nao huzeeka. Hewa, joto na mwanga huula kidogo kidogo, ukakauka, ukapata nyufa nyembamba, hasa kwenye mshono na shingoni. Unaweza kuonekana mzima ukiwa umening'inia na ukapasuka siku ukiulalia.

Ndiyo maana nasisitiza alama ya ua. Mifuko iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza, BS 1970, ina duara dogo lenye umbo la ua lililochapwa kwenye mpira wenyewe. Katikati ya ua kuna namba ya mwaka, na petali 12 kuzunguka ni miezi, zikiwa na nukta ndani yake zinazoonyesha wiki. Tarehe hiyo ni ya kutengenezwa, si ya kuisha. Ushauri wa kawaida ni kuubadilisha mfuko baada ya miaka 2 ya kuutumia. Shoga yangu alinionyesha ua lile siku ya kwanza, akaniwekea kidole juu yake: "Hapa ndipo utakapoangalia. Ukipita muda, utupe, usiuonee huruma kwa sababu nimekupa mimi." Ukienda kununua, vua kava dukani ukalitafute ua. Mfuko uliokaa rafuni miaka mingi umeshazeeka kabla hujaulipia.

Niliwahi pia kuletewa mwingine wa plastiki ya PVC na mtu mwingine wa karibu. Ulikuwa wepesi na wa rangi nzuri, ila harufu yake ilijaa chumba kizima, na kwa mgonjwa anayesikia kichefuchefu hilo ni jambo kubwa. Halafu plastiki ile inakuwa ngumu ikipoa, haikai vizuri kwenye shingo wala kwenye tumbo. Nadhani ipo mizuri zaidi ya ule. Mimi nachagua mpira.

Kuujaza kuna utaratibu, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Usitie maji yanayotokota. Yakishachemka, zima, subiri dakika kadhaa, au changanya na ya baridi. Maji yanayotokota yanaumaliza mpira haraka, na yakikumwagikia hayakupi muda wa kuondoa mkono. Shika mfuko shingoni, wima, juu ya sinki au beseni, au ulaze ubapa huku umeinua mdomo. Mimina taratibu kwa sababu hewa ya ndani inatoka kwa kuruka na inaweza kukurushia maji. Jaza theluthi mbili tu, usizidishe. Kisha, na hili ni la muhimu kabisa, uinamishe polepole mpaka uyaone maji yamefika mdomoni, ili hewa yote itoke, ndipo uzungushe kizibo. Ukibaki na hewa unakuwa mgumu na unateleza. Ukiitoa, mfuko unalegea na kulalia pale unapouweka, unaingia kwenye mkunjo wa kiuno, unazunguka shingo, unakumbatia goti. Ulegevu huo ndio raha yenyewe. Ukimaliza kutumia, mwaga maji yote, uning'inize mdomo ukiangalia chini bila kizibo, mbali na jua.

Kuhusu kava, usikubali mfuko usio nalo. Langu ni la sufu nene, lenye shingo ndefu inayokunjwa kama ya sweta na kifungo kimoja cha mbao. Nilitumia pia la kitambaa cha manyoya ya kutengenezwa. Ni laini sana mkononi na linakauka haraka likifuliwa. La sufu linahifadhi joto zaidi, ila lifuliwe kwa maji baridi. Usiku mwingine shoga yangu alikuwa analaza soksi zangu juu ya kava wakati anapiga soga na mama, na muda wa kunipandisha kitandani ukifika ananivalisha zikiwa na joto. Mwanamke mzima, ninavalishwa soksi. Nilikuwa nimeshika mambo ya kila mtu ndani ya nyumba ile, na kwa dakika ile moja kuna mtu aliyekuwa ameshika langu.

Nimejaribu vifaa vingine vya kazi hii. Mkeka wa umeme wa kujipashia unafaa kwa mgongo mpana, lakini unakufunga kwenye soketi, na joto lake halipungui usipouzima. Mfuko wa nafaka unaopashwa kwenye maikrowevu ni mzuri kwa shingo na hauna hatari ya kumwaga maji, ila unapoa mapema. Sababu yake ni ya kifizikia tu: kwa uzito uleule, maji hubeba joto zaidi ya maradufu ya nafaka kavu. Mfuko wa lita 2 ndani ya kava nene na chini ya blanketi unakupeleka saa kadhaa, na joto linashuka lenyewe kwa upole.

Kushuka huko kuna maana kwangu. Mfuko ukipoa lazima mtu ainuke aujaze tena. Mkeka wa umeme ungenifanya nijitegemee, na mimi wakati ule nilikuwa nimejitegemea vya kutosha. Mfuko ulimpa shoga yangu sababu ya kuja kila jioni bila kuonekana kama anakuja kunichunguza. Hodi, anaingia, anamsalimia mama, anachukua mfuko kwenye msumari, anasikika jikoni. Mimi sikuhitaji kuwa na maneno. Siku nyingine tulizungumza mpaka mama akatuambia tupunguze sauti. Siku nyingine hatukusema kitu zaidi ya "Umejaa?" na "Umejaa." Wapo watu wanaotaka uwaeleze maumivu yako ndipo wakusaidie, nao wana nia njema, lakini kueleza nako kunachosha.

Mwaka 2000 Shelley Taylor na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa hoja kwamba mwanadamu akiwa kwenye msongo hana njia mbili tu za kupigana au kukimbia. Wanawake hasa, mara nyingi, hutunza walio nao na kusogeleana. Naikubali hoja hiyo kwa niliyoyaona. Kuna utafiti mwingine ninaoupenda zaidi, wa Simone Schnall na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008. Watu walisimamishwa chini ya kilima wakiwa na mizigo mizito mgongoni, wengine peke yao na wengine wakiwa na rafiki pembeni, wakaulizwa kilima kina mwinuko kiasi gani. Waliokuwa na rafiki walikiona hakijainuka sana. Na urafiki ulipokuwa wa miaka mingi zaidi, ndivyo mwinuko ulivyoonekana mdogo. Rafiki hakupokea mzigo, alisimama tu. Nilipousoma nilimpelekea shoga yangu kwenye simu, akanijibu, "Basi mimi na wewe tungekiona uwanja."

Mama naye aliupenda mfuko, na hapa lazima niseme kuhusu hatari. Mama hakuwa na hisia nzuri miguuni, kwa hiyo sikuuweka miguuni kwake hata siku moja. Mtu mwenye kisukari kilichoharibu neva, aliyepooza, mzee sana, mtoto mchanga, au aliyekunywa dawa za usingizi, anaweza kuungua asijue. Mama nilikuwa nauweka mfuko uliopoa kiasi, ndani ya kava na taulo, mapajani kwangu, naye analaza kiganja juu yake ninapomsomea. Nilikuwa natazama rangi ya ngozi yake na naondoa baada ya muda mfupi. Usiuweke kwenye jeraha, wala kwenye kiungo kilichovimba kwa kuumia hivi karibuni, wala kwenye tumbo linalouma bila kujulikana sababu; hilo la mwisho ni la kupelekwa hospitali.

Usilale nao umeugandamiza mwilini pia. Tafiti za Moritz na Henriques za mwaka 1947 zilionyesha kwamba ngozi ikiguswa na joto la nyuzi 44 tu kwa saa 6 hivi inaweza kuungua, na joto la kiasi hicho mkononi huenda usilihisi kama la kuunguza. Ninachofanya ni kupasha kitanda kwanza, nikiingia nauweka miguuni kidogo, usingizi ukianza kuja nausukuma pembeni. Ukiona ngozi imeanza kupata madoa ya kahawia yenye mistari inayopishana kama wavu, hiyo ni ishara kwamba unaipasha mno sehemu hiyohiyo kwa siku nyingi. Acha, na mwone daktari.

Maumivu ya hedhi niliyaacha makusudi hadi hapa kwa sababu ndiyo yaliyomfanya shoga yangu aujue mfuko huu tangu ujana wake. Yake ni makali. Utafiti wa Akin na wenzake uliochapishwa mwaka 2001 ulipima bandiko la joto la karibu nyuzi 39 lililovaliwa tumboni kwa muda wa saa 12 kila siku, ukakuta linapunguza maumivu ya hedhi sawa na vidonge vya ibuprofen. Ule haukuwa mfuko wa maji, lakini kazi ni ileile: misuli ya kizazi inapojikaza, joto linailegeza. Yeye anauweka chini ya kitovu juu ya nguo, analala ubavu na magoti ameyakunja, na mimi namwachia chumba. Ila maumivu yanayoongezeka mwaka hadi mwaka, au yanayomzuia mtu kwenda kazini kila mwezi, yanastahili uchunguzi, na nimemsindikiza kufanya hivyo.

Mama alipofariki, watu walijaa, wakatawanyika, kama inavyokuwa. Shoga yangu aliendelea kuja jioni. Mgonjwa wa kusalimiwa hayupo tena, lakini msumari upo na mfuko upo. Kuna usiku nililia hadi kifua kikauma, akauweka mfuko mgongoni kwangu, katikati ya mabega, akaushikilia kwa kiganja usidondoke, mpaka mkono wake ukafa ganzi akabadilisha wa pili. Sijui kama kuna mtengenezaji aliyewahi kuandika matumizi hayo kwenye karatasi ya maelekezo.

Kasoro nazo zipo. Wa lita 2 uliojazwa ni mzito kwa mtu mdogo wa mwili au mwenye mikono ya baridi yabisi, na kizibo kikikazwa sana kinamshinda kukifungua. Kwa mtu kama huyo ipo midogo ya chini ya lita moja. Mpira mpya una harufu kwa siku chache za mwanzo, usuuze mara kadhaa na uuache wazi. Nje kunaweza kuwa na unga mweupe kidogo, unafutika. Mwenye mzio wa mpira asilia asiutumie kabisa. Na kwa anayeishi peke yake, kusimama jikoni kusubiri maji wakati unaumwa ni adha ya kweli, hivyo ukimnunulia mtu, nenda naye ukamjazie za mwanzo, na mwachie chupa nzuri ya kuhifadhi maji ya moto karibu na kitanda, maji yaliyokwisha kupunguzwa ukali.

Kwa ubora naupa alama 9 kati ya 10, moja nimeipunguza kwa ajili ya kizibo. Ule wa kwanza muda wake ulipotimia niliutupa kama nilivyoagizwa, kava nikalibakiza. Juzi nimenunua miwili inayofanana, mmoja wangu na mmoja wake, kwa kuwa ana upasuaji wa goti karibuni na daktari wake amemwambia joto litaruhusiwa baadaye, uvimbe ukishaisha. Wake nimeuhifadhi kabatini kwangu hadi wakati huo. Nimekagua ua dukani kabla ya kulipa: ni wa mwaka huu, na kijipete cha kizibo ni kizima.